Moto Usio na Moshi

Hita yenyewe ilikuwa nzima. Hilo lishikwe kwanza, maana mpaka leo wapo watu wa mstari wa tatu wa nyumba za kijiji wanaosema ilikuwa na pepo, na wengine wanaapa kwamba mafuta ya taa ya duka la kijiji mwaka ule yalichanganywa. Mafuta yalikuwa safi. Utambi ulikuwa mzuri. Kilichoharibika kiliharibiwa na mikono ya watu waliompenda mtoto, na kwa hiyo habari hii isemwe polepole, mwenye mtoto mchanga apate kuisikia yote.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, wakati wa masika, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Buswahili. Watu walikuwa wameteremshwa kutoka vilimani mwaka mmoja nyuma, wakapangwa mistari kama mahindi. Wengi walikuwa bado kwenye vibanda vya nyasi. Enoka, mwashi wa kijiji, ndiye aliyekuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu na sementi chini, kwa sababu viongozi walimwambia ajenge ya mfano ili wenzake waige. Sakafu aliisugua mpaka ikateleza. Wageni walivua viatu mlangoni, na wasio na viatu walijifuta nyayo.

Mkewe aliitwa Wankyo. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, anajua kuandika barua na kuwasomea jirani barua zao, na alikuwa mwoga. Hakuzaliwa na woga huo. Mimba mbili zilimtoka. Ya pili ilifika miezi saba, mtoto akatoka kimya, akazikwa kimya. Kwa hiyo wa tatu alipozaliwa pale zahanati, mwezi mzima kabla ya siku zake, Wankyo hakuuliza ni wa kiume au wa kike. Aliuliza, "Analia?"

"We humsikii?" alisema Marcelina, muuguzi wa zahanati. "Anatutukana wote."

Alikuwa wa kiume, mdogo, mkono wake ungeweza kupita kwenye pete. Wakamwita Werema, jina la marehemu baba yake Enoka. Marcelina alimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akatoa maagizo mawili. Mtoto apate joto wakati wote. Mtoto asivute moshi, maana mapafu yake bado ni laini kama ini la kuku.

"Na ukimwona amelegea, hanyonyi," alimalizia, "unamleta. Usingoje kesho. Hata mvua ikinyesha ya mawe, unamleta."

Nyumbani walisubiriwa na Nyangi, mama yake Enoka. Nyangi alikuwa amelea watoto sita, na alijua majina ya ukoo mpaka babu wa nane. Mtoto akizaliwa mstari wowote, watu walikuja kumuuliza Nyangi nani bado hajarithiwa jina. Agizo la joto alilipenda sana. Kwao mzazi hukaa ndani na mtoto mpaka kitovu kidondoke, moto wa chumbani hauzimwi, na upepo haumwoni mtoto. Ndivyo walivyolelewa wote kule mlimani, kwenye misonge: ngozi ya ng'ombe mlangoni, magogo mawili yakiungua taratibu, moshi ukijipenyeza katika nyasi za paa na kwenda zake.

"Lakini moshi wamekataza, mama," Wankyo alisema.

"Moshi gani uliwahi kuniua mimi?"

"Wamesema mapafu yake..."

"Haya. Moto bila moshi. Nitautoa wapi? Labda tumwingizie jua chumbani."

Hapo ndipo Wankyo alipomkumbuka kaka yake. Felisian alikuwaga mpishi wa mzungu mmoja mchimba visima kule Musoma mjini. Mzungu yule alikuja na hita ya mafuta ya taa ndani ya sanduku, kama mtu anayekwenda kuishi kwenye barafu. Pale Musoma, kwenye joto la ziwa, hita ilikaa stoo na kulaliwa na panya. Aliporudi kwao akamwachia Felisian, pamoja na viatu visivyomwenea. Enoka akapeleka salamu kwa dereva wa lori, na siku ya tatu Felisian akashuka Butiama, akaazima baiskeli, akafika amelowa chepechepe yeye, hita imevaa koti lake la mvua.

Ilikuwa ya kijani, kimo cha ndoo mbili zilizopandana, ina mkono wa kubebea. Chini ni tangi, katikati utambi wa duara, juu bomba fupi lenye kidirisha cha kutazamia moto. Felisian alijaza mafuta, akakizungusha kitufe, akawasha kiberiti. Moto ulizunguka utambi wote, ukatulia, ukawa wa buluu.

"Moshi mnauona?" alisema, kama vile ameiunda yeye. "Mimi nimeitumia hii miaka miwili. Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Hakusema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, kwamba miaka yote miwili aliitumia kibarazani kwake, kuchomea mahindi.

Nyangi aliizunguka, akanyoosha kiganja juu yake, akaridhika. "Moto mzuri. Bado upepo."

Chumba cha mzazi kilikuwa na dirisha moja la mbao, na mbao zilikuwa zimeachana kidogo, mwanga unapita. Juu, kati ya ukuta na bati, palikuwa na nafasi ya kuingiza mkono. Nyangi alivionyesha kwa kidole, kimoja kimoja. "Kwenye msonge wangu kulikuwa na matundu kama haya?"

"Hakukuwa, mama," Enoka alisema.

Alikanda udongo na mavi ya ng'ombe, akavua shati, akaziba. Enoka hakuwa mtu wa kazi nusu. Alikandika dirisha kutoka kona mpaka kona, akalisawazisha kwa vidole, akapanda ngazi akaziba kule juu chini ya bati mstari mzima. Mlangoni akatundika blanketi, na chini ya blanketi akalaza gunia. Ilipofika saa tisa mchana chumba kilikuwa cheusi kama tumbo la chungu, ikabidi koroboi iwashwe na kuwekwa kwenye kijishubaka cha ukuta.

"Sasa hapa," Nyangi alisema, "hata sisimizi ataomba ruhusa."

Hita iliwaka vizuri kama saa moja. Halafu buluu ikageuka njano, moto ukashuka, ukaanza kunuka, macho yakawasha. Wankyo akakohoa. Mtoto akalia.

"Maji," alisema Enoka. "Mafuta yana maji."

Wakaitoa kibarazani. Enoka akamimina mafuta kwenye bakuli, akaliacha litulie, akachungulia chini kutafuta mstari wa maji. Hakuuona. Hata hivyo aliyachuja kwa kitambaa, akarudisha, akawasha. Moto ukawa wa buluu tena.

"Si mnaona?" alisema. Akairudisha ndani. Baada ya saa moja moto ulikuwa umeshuka tena.

Kesho yake asubuhi Felisian alitoa wembe mfukoni. "Utambi, shemeji. Utambi ukiwa na meno haukai." Akaukata mzunguko mzima, akaupuliza, akaufuta. Kibarazani hita iliwaka vizuri mno, mpaka mama mmoja aliyekuwa anatoka kisimani akasimama kuota moto. Wakaiingiza ndani. Ikashuka.

"Hii kitu inakuogopa, shemeji," Felisian alisema. "Nje inacheka. Ikiingia ndani ikakuona, inanuna."

"Si mimi," Enoka alinong'ona. "Inamwogopa mama."

"Nimesikia," ilisema sauti ya Nyangi nyuma ya blanketi.

Mara ya tatu Enoka alileta pima maji yake ya uashi, akaiweka juu ya hita chumbani, akainama na koroboi. Tone la hewa lilikaa katikati kabisa. "Sakafu yangu haina kosa," alisema, na kwa muda kidogo alisahau kilichomleta. Wakabadilisha mahali, wakaiweka karibu na mlango, wakaiweka karibu na ukuta, wakaipandisha juu ya tofali. Ilishuka kote.

Kila walipoinua blanketi kuitoa au kuirudisha, Wankyo alisikia maumivu ya kichwa yanampungua. Kichwa kile kilimwanza jana yake jioni, kikambana pande zote kama mtu aliyejitwika mtungi bila kata. Alimwambia mkwewe.

"Ni cha uzazi," Nyangi alisema. "Mimi kilinikaa mwezi."

Akatapika uji.

"Maziwa yanashuka. Nafuu utapike."

Nyangi mwenyewe alikuwa anajikanda paji la uso, lakini yeye alisema ni mafuta ya mzungu, yananuka. Hakuna aliyeunganisha vitu hivyo viwili. Moshi ndio waliokatazwa, na moshi haukuwepo. Wote wanne waliamini kwamba penye moto usio na moshi hapana madhara. Mtu ukimlea mlimani, kwenye moshi wa kweli unaoonekana na kutoa machozi, utamfundishaje kuogopa kisichoonekana?

Mchana wa siku hiyo ya nne, hita ilipotolewa tena na kuwaka tena nje bila kosa, Nyangi alijibu swali lililokuwa linawashinda wanaume.

"Kitu kizima nje, kigonjwa ndani. Basi si chenyewe. Humu ndani kuna mtu hajaridhika."

"Nani tena, mama?" Enoka aliuliza.

"Na mtoto analia tangu azaliwe. Analia nini? Ana joto, ana ziwa. Mmempa jina la baba yenu Werema haraka haraka kwenye karatasi ya zahanati, hamkuniuliza. Makongoro je? Mdogo wake Werema. Alikufa malishoni hajaoa, kwa baridi, mvua kama hii. Nani anaitwa Makongoro katika ukoo huu? Taja mmoja."

Enoka alifikiri. Hakumpata.

Basi Nyangi aliketi kwenye kigoda ndani ya chumba, blanketi limeshushwa, hita imewashwa upya. Akampakata mtoto. Akachovya kidole kwenye maji yenye unga wa ulezi, akamgusa ulimi. "Kama ni wewe, Makongoro, uliyekuwa unasikia baridi, moto huu hapa. Nyamaza unyonye."

Mtoto alilia kidogo. Akalamba ule unga. Akalia tena, sauti ikashuka, ikawa kama ya mtu anayelalamika usingizini. Baada ya muda akanyamaza.

Walingoja. Hakulia tena.

"Eee!" Nyangi alipiga kigelegele, chini chini, asimwamshe. Enoka alicheka kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Felisian, ambaye ruhusa yake ya siku mbili ilikuwa imekwisha, alifunga mzigo wake kwa furaha. "Na mimi mnitafutie babu," alisema akipanda baiskeli. "Mke wangu ananiambiaga sinyamazi."

Alipoondoka, hita ilikuwa imekwisha shuka, lakini hawakujali tena. Enoka aliiwasha ilipozimika, basi. Joto lilikuwepo. Mtoto alilala. Jioni Nyangi alimsogezea koroboi usoni. Mashavu yalikuwa mekundu, midomo myekundu. "Tazama damu ilivyompanda. Mlikuwa mnamkosesha raha bure."

Wankyo alitazama. Wengine waliona raha, yeye aliona kimya. Alimweka mtoto ziwani. Alinyonya mara mbili, mara tatu, chuchu ikamtoka mdomoni, na hakuitafuta.

"Mama, hanyonyi."

"Ameshiba usingizi. Wewe nawe! Akilia unalia, akinyamaza unalia."

"Muuguzi alisema akilegea tumpeleke."

"Kitovu kimebaki uzi mmoja. Kesho, kesho kutwa kinadondoka, unampeleka hata Musoma. Leo utamtoa kwenye upepo huu, Makongoro aliyekufa kwa baridi ameingia mchana huu huu? Utamuua ukiwa umembeba."

Neno hilo lilimfunga Wankyo. Alikuwa ameua wawili bila kufanya chochote, ndivyo alivyojiona. Akaogopa kufanya.

Siku ya tano Enoka aliondoka mapema kwenda shamba la kijiji, zamu yao ya palizi ya pamba. Saa nne mvua ikaanza. Wankyo alijitanda kanga mbili, akatoka kwenda chooni, mahali pekee mzazi anaporuhusiwa kwenda. Miguu ilikuwa mizito, kichwa kinagonga. Alipofika nusu ya njia, kichwa kikaanza kufunguka. Alipotoka chooni kilikuwa karibu kimepona, na ubaridi wa mvua ukawa mtamu puani.

Nyuma ya choo palikuwa na mabaki ya tanuri ambalo Enoka alichomea matofali ya nyumba. Mvua ilizidi, Wankyo akajibanza hapo. Upande mmoja wa tanuri ulikuwa haujabomoka, na udongo aliokandikia Enoka ulikuwa bado umeshika. Vidole vyake vilionekana, vinne vikiburuta sambamba na dole gumba kando.

Alivitazama. Alikuwa amevitazama siku mbili nzima, akiwa amelala, kwenye dirisha.

Akamkumbuka Enoka kiangazi kile, amesimama hapo hapo mweusi kwa masizi, ameziba midomo ya tanuri ili moto ufe polepole na matofali yaive. Wankyo alikuwa amekuja kumletea uji, akataka kukaa kwenye lile joto. Enoka alimkemea kama mtoto. "Toka hapo! Tanuri likizibwa linalewesha. Moto ukikosa pumzi yake unakula ya mtu." Na kweli, mbwa wa jirani alilala pale usiku kwa kutafuta joto. Asubuhi walimkuta amejikunja vizuri, kama amelala, ulimi mwekundu kuliko ulimi wa mbwa.

Wankyo hakukimbia mara moja. Alisimama, anaogopa kufikiri vibaya. Halafu akakimbia.

Aliinua blanketi. Hita ilikuwa imeshuka, na hilo hakulijali. Alitazama kijishubaka. Koroboi, ambayo alipewa na mama yake alipoolewa, ambayo haikuwahi kuguswa na Felisian wala Enoka, wala haikuwa na ugonjwa wowote, nayo moto wake ulikuwa punje ya mtama. Vitu viwili visivyohusiana vinazimika pamoja. Si vyenyewe vinavyoumwa.

"Mama!"

Nyangi alikuwa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, kidevu kifuani. Mtoto alikuwa mapajani, mkono mmoja umening'inia.

"Mama!"

Wankyo alimnyakua mtoto akatoka naye. Kibarazani upepo ulikuwa unaleta mvua kwa upande, ukampata mtoto usoni, kitovu chake bado kipo. Hakuwa baridi. Alikuwa wa moto, mwekundu na mlegevu, kichwa kinafuata mkono unakokwenda. Akampuliza usoni. Akamsugua nyayo. Ule ukimya aliujua, aliwahi kuupakata.

Na ndani kulikuwa na mtu mwingine.

Hakuna aliyekuwepo wa kumshauri. Aliuchukua ungo uliokuwa umeegeshwa ukutani, akamlaza mtoto humo, uso wake nje kwenye hewa, akamfunika kifua kwa kanga moja. Akajaza pumzi, akaibana, akarudi ndani. Alimshika Nyangi kwapani kutoka nyuma. Mama mkwe hashikwi hivyo, lakini alimshika. Nyangi alikuwa mzito kama gunia la mtama mbichi, na Wankyo alikuwa na siku tano tu tangu ajifungue. Sakafu ndiyo iliyomsaidia. Ile sakafu ya Enoka iliyosuguliwa mpaka ikateleza ilimpokea bibi kwa visigino, ikampitisha, gunia la mlangoni likatoka pamoja naye, mpaka kibarazani. Hapo Wankyo akaachia pumzi, akaanguka naye.

Alitambaa mpaka kwenye ungo.

Mtoto alikunja uso. Alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Alifungua tena, akatoa sauti ndogo kama ya bawaba isiyotiwa mafuta. Halafu akalia. Alilia mpaka akatetemeka kidevu.

"Analia," Wankyo alisema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Nyangi alizinduka akitapika. Ilichukua muda kabla macho yake hayajajua yanachokitazama. Mvua, kibaraza, ungo.

"Nani amemtoa mtoto nje?"

"Mimi, mama."

"Kitovu?"

"Bado."

Nyangi alimtazama mtoto anavyopigwa na upepo na kulia. Alinyoosha mkono kama anayetaka kumfunika uso, ukabaki hewani.

"Mwache alie," alisema.

Enoka alifika mbio, jembe begani, maana kelele za mtoto alizisikia tangu mstari wa kwanza. Alimkuta mama yake amelala kwenye mkeka kibarazani na mkewe ameketi mvuani. Aliyaona hayo, na bado mkono wake ukaenda kwenye hita, kama ulivyozoea. Aliitoa nje, akaiwasha. Ikawa ya buluu. Akachuchumaa, akaanza kuufungua mfuniko kutafuta kosa.

"Iache," Wankyo alisema. "Hita nzima."

"Sasa tatizo nini?"

"Baba Werema. Tanuri ukiliziba, unaniambiaga nini?"

Enoka alibaki amechuchumaa. Alitazama hita, akatazama mlango, akatazama dirisha kwa nje, udongo wake uliokaa sawa kutoka kona mpaka kona. Aliweka chini mfuniko, akaingia stoo, akatoka na mwiko na nyundo. Alilibomoa dirisha lote. Akapanda ngazi mvua ikimnyeshea, akatoa udongo wa chini ya bati, halafu akang'oa tofali zima huku, na la pili kule.

Nyangi alikuwa anasikiliza zile nyundo. "Umemwita Baba Werema," alimwambia Wankyo.

"Nimeteleza, mama. Baba Makongoro."

"Hapana. Ni Werema. Huyo mwingine hakumnyamazisha." Alifumba macho. "Tuliomnyamazisha ni sisi."

Walimpeleka zahanati siku hiyo hiyo, kwenye baiskeli, mtoto kifuani kwa mama yake na uso wake nje. Marcelina aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema lile ambalo angelisema siku ya kwanza kama angejua kwamba kuna hita. Moto ni mmoja: wa kuni, wa mkaa, wa mafuta. Wote unavuta hewa ileile anayoivuta mtoto, na hauli kwa zamu. Moshi ni mjumbe tu. Asipokuja mjumbe, usifikiri hakuna habari.

Mtoto alipona. Alinyonya, kitovu kikadondoka siku ya saba, akanenepa. Mwaka uliofuata, vijana wa mstari wa pili walipoanza kujenga nyumba za bati, Enoka aliyewajengea aliacha matofali mawili wazi juu ya kila chumba. Wenye nyumba walilalamika kwamba popo wataingia. "Waingie," aliwajibu. Ukipita leo utayaona matundu hayo, na wengi hawajui yaliwekwa kwa ajili ya nini, na wengine wameanza kuyaziba.

Nyangi alionekana amepona pia. Lakini hewa ile ilikuwa imemwachia kitu kichwani: wiki ya tatu aliweka chumvi mara mbili kwenye mboga. Wiki ya nne alikwenda kisimani akakaa huko, mpaka akarudishwa na watu. Halafu walikuja jamaa kutoka Kabasa na mtoto wao mchanga, kumuuliza nani wa ukoo bado hajarithiwa jina. Nyangi alianza kuhesabu kwa vidole, kama siku zote. Alifika kwa babu wa pili, akasimama. Akaanza upya. Wageni walitazama chini. Wakamshukuru, wakampa mtoto wao jina la mtakatifu.

Mwaka ule hita ilihamia kibarazani. Asubuhi za mvua Wankyo huiwasha hapo, akachemsha uji, na Nyangi huketi kando yake na kumpakata mjukuu wake.

"Huyu anaitwa nani?" huuliza.

"Werema, mama."

"Anhaa. Werema." Humtikisa kidogo. "Mbona analia hivi?"

"Mwache, mama," Wankyo humjibu, na haendi haraka kumchukua. "Mwache alie."